Pima Kwanza, Bei Baadaye: Hesabu ya Kazi za Maegesho ya Magari

Kuna kazi ambayo kikundi kikiipata kinafurahi, na kikiimaliza kinabaki na deni. Mara nyingi kosa halikufanyika wakati wa kazi. Lilifanyika siku ile ya kwanza, pale mwenye kazi alipouliza, "Mtanifanyia kwa ngapi?" na mmoja wenu akajibu papo hapo. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Bei ikishatoka mdomoni, kuirudisha ni vigumu.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kukadiria bei ya kazi mbili ambazo siku hizi vijana wa mijini wanazipata: kuchora mistari ya kuegesha magari, na kupaka lami iliyozeeka koti mpya ili isiendelee kuharibika. Mfano wetu ni wa Tassia, kule Embakasi, Nairobi. Wenzetu wa mashambani msiruke ukurasa huu. Zahanati, shule za sekondari, masoko na vituo vya matatu vina viwanja vya kuegesha. Tena njia hii ya kuhesabu ni ile ile hata kama kikundi chenu kinapaka rangi madarasa au kinajenga ua.

KWA NINI TASSIA?

Tassia iko karibu na barabara ya Outering, ikipakana na mitaa kama Fedha, Pipeline na Nyayo. Mtaa umejaa magorofa ya kupangisha, yenye maduka chini na familia juu. Penye watu wengi namna hiyo kila nafasi ya gari ina thamani. Uwanja usio na mistari unaingiza magari machache, kwa maana kila dereva anasimama apendavyo. Ukichorwa vizuri, ugomvi hupungua na magari hutosha. Ndiyo maana wenye maduka, shule na makanisa wako tayari kulipia kazi hiyo.

Jambo la pili ni udongo. Sehemu kubwa ya Embakasi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Lami iliyowekwa juu yake bila msingi mzuri hupata nyufa, hasa kandokando. Maji yakiingia kwenye ufa, msingi unalainika, na shimo halichelewi. Koti ya kufunika lami huzuia maji na jua kabla mambo hayajafika huko. Lakini sikilizeni vizuri: koti haiponyi msingi uliokufa. Sehemu inayodidimia gari likipita ni ya kuchimbwa na kujengwa upya. Ukiipaka nyeusi tu, itapasuka tena muda si mrefu, na mwenye kazi atawaita ninyi wakora.

HATUA YA KWANZA: NENDENI MKAONE

Msitoe bei kwa simu. Nendeni watu wawili au watatu, mkiwa na tepu ya mita 30, daftari na kalamu. Fikeni mkiwa na maswali haya:

1. Uwanja ni wa nini? Koti tunayozungumzia ni ya lami. Haipakwi kwenye cabro wala kwenye murram. Cabro inaweza kuchorwa mistari, lakini rangi huliwa zaidi kwa sababu ya viungo vyake.

2. Lami ina umri gani? Lami mpya kabisa haihitaji koti. Iacheni ikomae, miezi kadhaa hadi mwaka. Ile iliyogeuka kijivu, yenye nyufa nyembamba lakini bado imara, ndiyo yenye kufaa.

3. Kuna nyufa na mashimo kiasi gani? Pimeni urefu wa nyufa. Hesabuni mashimo na mwandike ukubwa wa kila moja.

4. Kuna oili iliyomwagika? Oili na dizeli huyeyusha lami, na koti haishiki juu yake. Madoa hayo husuguliwa kwa sabuni kwanza, na hiyo ni kazi ya kulipiwa.

5. Uwanja unaweza kufungwa siku ngapi? Hili wengi hulisahau. Mtaani kama Tassia wapangaji wanarudi jioni na magari yao. Mkiambiwa mfanye nusu leo na nusu wiki ijayo, siku za fundi, za mlinzi na za usafiri zinaongezeka, na bei ibadilike.

Muulize pia kuhusu majira. Lami na rangi zinataka mahali pakavu. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba zinaweza kuharibu kazi ya siku nzima kwa nusu saa. Mwezi wa Julai asubuhi za Nairobi ni baridi na umande hukawia kukauka, kwa hiyo siku ya kazi huwa fupi.

HATUA YA PILI: PIMENI

Tuchukue uwanja wa mfano. Ni wa lami, urefu mita 50 na upana mita 16. Magari yanasimama safu mbili zinazotazamana, kila safu ikiwa na kina cha mita 5, na katikati kuna njia ya mita 6. Ukijumlisha 5 na 6 na 5 unapata zile 16.

Eneo lote: 50 mara 16 ni mita za mraba 800. Hii ndiyo namba ya koti.

Sasa mistari. Nafasi ya gari dogo kwa kawaida ni upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Katika mita 50 zinaingia nafasi 20. Je, mistari ni mingapi? Wengi watasema 20. Hapana, ni 21, kwa kuwa safu inaanza na mstari na inaisha na mstari. Kumbukeni sheria hii: nafasi, jumlisha moja.

Safu ya kwanza: mistari 21 mara mita 5 ni mita 105.

Safu ya pili tuitengee nafasi 2 za watu wenye ulemavu. Hizo huwa pana zaidi ili kiti cha magurudumu kipite. Tuziwekee mita 3.75 kila moja. Zinachukua mita 7.5, yaani mahali pa nafasi tatu za kawaida. Zinabaki nafasi 17 za kawaida, jumla nafasi 19 na mistari 20. Mita 100.

Jumla ya mistari ni mita 205. Upana wa mstari ni sentimita 10, basi eneo la rangi ni mita za mraba 20.5.

Ongezeni mishale 4 na alama 2 za kiti cha magurudumu, tuseme mita moja ya mraba kila moja: 6. Ongezeni kivuko cha miguu mbele ya mlango, milia 5 ya nusu mita kwa mita 3: 7.5. Jumla ya rangi ni mita za mraba 34.

HATUA YA TATU: GEUZENI VIPIMO KUWA VIFAA

Rangi. Hapa ni rangi ya barabarani, si ile ya ukutani. Ya ukutani ni rahisi lakini magurudumu huimaliza upesi. Kwa kazi iliyokamilika, yenye unene wa kutosha, lita moja ya rangi ya barabarani hufunika kama mita za mraba 2.5. Ni sawa na kama mita 25 za mstari wa sentimita 10. Ukipaka kwa brashi au rola, unene huo unaupata kwa koti mbili. Basi 34 gawanya kwa 2.5 ni lita 13.6. Ongezeni asilimia 15 ya kumwagika na kubaki kwenye ndoo, mnafika lita 15.6. Nunueni ndoo moja ya lita 20. Someni pia maandishi ya kwenye ndoo, kwa kuwa kila kiwanda kina kipimo chake. Kama lami ni ya kukwaruza sana, itakunywa zaidi.

Koti ya lami. Inayotumika ni lami iliyochanganywa na maji kiwandani, ambayo mafundi huiita imalsheni. Huuzwa kwa mapipa ya lita 200. Kwa makadirio, hesabuni nusu lita kwa kila mita ya mraba kwa kila koti. Kwa koti mbili ni lita moja kwa mita ya mraba, yaani lita 800. Ongezeni asilimia 10, ni lita 880. Gawanyeni kwa 200: mapipa 4.4. Hakuna anayewauzia pipa kasoro, basi ni mapipa 5. Kabla ya kununua, jaribuni kipande cha mita moja kwa moja pale uwanjani muone lami kuukuu inakunywa kiasi gani.

Imalsheni tupu huacha uso unaoteleza, hasa mvua ikinyesha. Kwa hiyo huchanganywa au kunyunyiziwa mchanga safi au vumbi la kokoto lililochekechwa. Liandikeni kwenye hesabu.

Tahadhari mbili. Kwanza, wako watu wanaopaka oili chafu ya gari ili uwanja uonekane mweusi. Siku mbili inapendeza. Baadaye oili ile ile inalainisha lami na kuiharibu. Msishindane nao kwa bei, maana kazi zenu si moja. Pili, kuna dawa za kufunika lami zinazotokana na makaa ya mawe, ambazo zina kemikali za kuleta saratani. Mji wa Austin, Texas, kule Marekani, uliipiga marufuku mwaka 2006, na miji mingine ikafuata. Chagueni inayotokana na lami ya mafuta.

HATUA YA NNE: HESABUNI SIKU ZA WATU

Hapa ndipo vikundi huumia zaidi. Wanachama husema, "Sisi wenyewe tutafanya, kwa nini tujilipe?" Lakini mwanachama aliyeacha kibarua chake ili afanye kazi ya kikundi ametoa siku yake. Siku hiyo ina bei. Msipoihesabu, mnamfanyia mwenye uwanja harambee bila kujua.

Kwa uwanja wetu mambo yataenda hivi:

Siku ya 1: kufagia, kusugua madoa, kuziba nyufa. Watu 8.
Siku ya 2: koti ya kwanza. Watu 8.
Siku ya 3: koti ya pili. Watu 8.
Siku ya 4: uwanja unakauka, hakuna kazi.
Siku ya 5: kupiga uzi, kuweka alama za chaki, rangi ya kwanza. Watu 5.
Siku ya 6: rangi ya pili na usafi. Watu 5.

Jumla ni siku za watu 34, pamoja na fundi mmoja kwa siku 5.

Msiharakishe siku ya nne. Rangi nyeupe ikipakwa juu ya lami ambayo haijakauka, lami hupenya na mstari hugeuka kahawia. Mtapaka tena, na rangi ya pili haimo kwenye bajeti. Ngojeni saa 24 kwa uchache, na zaidi kukiwa na baridi.

Kuhusu kupiga uzi: kona isipokuwa sawa, safu nzima inakwenda upande na nafasi ya mwisho inakuwa ya pikipiki. Tumieni kanuni ya 3, 4, 5. Pimeni mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kati ya ncha hizo mbili pakiwa mita 5 kamili, kona ni sawa.

HATUA YA TANO: JUMLISHENI

Bei tunazotumia hapa ni za mfano wa kujifunzia. Ninyi ulizeni maduka matatu, mpate bei ya wiki hiyo, kwa maandishi.

Imalsheni, mapipa 5 kwa Sh 18,000: Sh 90,000
Vumbi la kokoto na vifaa vya kuziba nyufa: Sh 9,000
Rangi, ndoo ya lita 20: Sh 9,000
Brashi, rola, uzi, chaki, vibao vya alama: Sh 4,000
Usafiri: Sh 5,000
Kukodi mashine ya kupuliza vumbi: Sh 4,000
Glavu, buti, vizuia vumbi: Sh 3,000
Vibarua, siku 34 kwa Sh 1,000: Sh 34,000
Fundi, siku 5 kwa Sh 1,800: Sh 9,000
Mlinzi usiku 3: Sh 3,000
Jumla: Sh 170,000

Hii bado si bei. Ni gharama tu. Ongezeni mambo matatu:

Dharura, asilimia 10: Sh 17,000. Hii ni ya mvua ya ghafla, pipa lililovuja, au nyufa mlizozikuta chini ya vumbi.

Gharama za ofisi: Sh 6,000. Hizi ni safari za kupima, simu, kupiga chapa karatasi. Sasa mko Sh 193,000.

Faida, asilimia 15: Sh 28,950. Faida si wizi. Ndiyo inayonunua tepu nyingine na kukifanya kikundi kiwe na mtaji wa kazi ijayo.

Jumla kuu ni Sh 221,950. Andikeni Sh 222,000.

Gawanyeni kwa mita za mraba 800 muone: ni kama Sh 278 kwa mita. Wekeni namba hii kwenye daftari. Kazi ijayo itawasaidia kujua haraka kama mmekosea. Lakini msiitumie kama bei ya kutaja. Uwanja mdogo hugharimu zaidi kwa kila mita, kwa kuwa usafiri ni ule ule.

Sasa fikirini kikundi cha watu kumi kilichotaja Sh 150,000 kwa kukisia, kwa sababu jirani alilipwa hivyo kuchora cabro. Gharama peke yake ni 170,000. Pengo ni Sh 20,000, na mvua haijanyesha bado. Litalipwa na nani? Ni Sh 2,000 kutoka kwa kila mwanachama, au ni akiba ya chama, ile ambayo mama fulani alikuwa akingojea zamu yake alipe karo ya shule. Bei ya kukisia inafika mpaka jikoni.

MWENYE KAZI AKISEMA NI GHALI

Atasema. Msipunguze bei bila kupunguza kazi. Mwambieni, "Tukitoa koti ya pili, tunapunguza mapipa mawili na siku moja ya kazi, na bei inashuka hivi. Lakini koti moja haitadumu kama mbili." Au afanye mistari tu mwaka huu. Mwonyesheni karatasi ya hesabu. Mtu akiona mita na lita, heshima inaongezeka, na yule aliyerusha bei ya chini itabidi aeleze ataifanyaje.

MALIPO

Ombeni malipo ya kwanza yanayotosha kununua vifaa. Katika mfano wetu vifaa na usafiri vinazidi Sh 110,000. Chama kisichokuwa na fedha hizo hakiwezi kuanza, na kukopa kwa riba kali kunakula faida yote. Andikeni mapatano: vipimo, idadi ya koti, siku, na tarehe ya malipo ya mwisho. Upande wa pili nao utie sahihi.

Kama mwenye kazi ni kampuni au ofisi ya serikali, anaweza kukata kodi ya asilimia 3 kabla ya kuwalipa. Kwa Sh 222,000 ni Sh 6,660. Ombeni cheti cha makato hayo, kwa sababu huhesabiwa kwenye kodi yenu. Nacho kikundi ambacho hakijasajiliwa kwa VAT hakiruhusiwi kumtoza mtu VAT.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga angalau asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni mpango unaojulikana kama AGPO. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba cheti chake na kushindania tenda. Ni mlango mzuri, ila mjue kwamba serikali na kaunti hukawia kulipa. Hesabuni kama chama kinaweza kungoja miezi hiyo bila kuvunjika.

KAZI IKIISHA

Kaeni chini na daftari. Andikeni makadirio upande mmoja na matumizi halisi upande wa pili. Mlisema mapipa 5, mlitumia mangapi? Mlisema siku 34, zilikuwa ngapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kikifanya hivi kwa kazi tatu, hakihitaji tena namba zetu. Kina zake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kazi yetu ya mwisho, nani alitaja bei, na alitumia hesabu gani?
2. Je, tulihesabu siku za wanachama wenyewe?
3. Katika kikundi chetu, ni nani wawili watakaopewa jukumu la kupima, na nani mmoja tu ataruhusiwa kutaja bei?
4. Zoezi: Zahanati inataka safu moja ya nafasi 12 za kawaida. Mistari ni mingapi, ni mita ngapi, na inahitaji lita ngapi za rangi kabla ya kuongeza za kumwagika?

Jibu la zoezi: mistari 13, mita 65, eneo la mita za mraba 6.5, rangi lita 2.6.